Sheria za China: zilivyojengwa, zikabomolewa, zikajengwa upya

Tarehe 1 Julai 1979 bunge la China lilikaa Beijing likapitisha sheria saba kwa mpigo. Mojawapo ilikuwa sheria ya makosa ya jinai, na hapo ndo utashangaa, maana Jamhuri ya Watu wa China ilikuwa inakaribia miaka 30, nchi ya watu karibu bilioni moja, na muda wote huo haikuwahi kuwa na kitabu kimoja kinachosema wizi ni nini, kuua ni nini na adhabu ya kila kosa ni ipi. Watu walikamatwa, wakafungwa, wakapigwa risasi, ila kwa maagizo ya chama, kwa vijisheria vya miaka ya 50 na kwa akili ya yule aliyekaa mezani siku hiyo. Sheria nyingine kati ya zile saba ilihusu kampuni za ubia na wageni. Hiyo ilianza kufanya kazi wiki moja tu baadaye, ya jinai ikasubiri mpaka Januari 1980. Yaani mgeni mwenye hela zake alipata kinga ya sheria kabla mwananchi hajajua kosa lake linaitwaje.

Huku kwetu ukisikia watu wanaongelea sheria za China utakuta makundi mawili. Kuna wale wa "kule ukila rushwa wanakumaliza, ndo maana wameendelea", na kuna wale wa "kule hakuna sheria, chama kikishasema imeisha hiyo". Wote wana kaukweli kidogo ila hawajaona mwili mzima. Mimi ninavyouona, mfumo ule umejengwa kwa vipande, kila kipande kimeletwa na shida ya wakati wake, na mara nyingi shida yenyewe ilikuwa ya serikali, raia hakuwa hata kwenye hesabu. Halafu raia wakaja wakaokota zile zana zilizotengenezwa kwa kazi nyingine kabisa wakaanza kuzitumia wao. Wakati mwingine wakaruhusiwa, wakati mwingine wakanyang'anywa.

Turudi nyuma kwanza. Anayedhani China ya zamani haikuwa na sheria anakosea sana. Utawala wa Qing, uliokaa tangu 1644 mpaka mwanzoni mwa 1912, ulikuwa na kitabu cha sheria chenye vifungu vikuu 436, toleo lililokamilishwa mwaka 1740, na chini yake vijifungu zaidi ya elfu moja vilivyokuwa vikiongezwa kadiri kesi mpya zinavyoibuka. Adhabu zilipangwa kwa ngazi: fimbo ya mwanzi nyepesi, fimbo nzito, kifungo cha kazi ngumu, kuhamishiwa mbali na kwenu, halafu kifo. Na kifo chenyewe hakikutolewa ovyo, kesi ilipanda kutoka wilayani mpaka jimboni, ikafika Wizara ya Adhabu kule Beijing, na mwisho jina la mtu lilisomwa na mfalme mwenyewe.

Shida ilikuwa kwingine. Hakimu wa wilaya ndo huyohuyo mkusanya kodi, ndo mkuu wa polisi, ndo mpelelezi. Kumtesa mshtakiwa ili akiri iliruhusiwa na kitabu chenyewe, na vipimo vya vifaa vya kutesea viliandikwa humohumo. Mawakili hawakuwepo, na mtu aliyejifanya fundi wa kuwaandikia wenzake hati za kesi aliweza kuadhibiwa kwa kuchochea ugomvi. Halafu "nani kafanya" ilikuwa na uzito uleule wa "kafanya nini", mtoto akimpiga mzazi ni kifo, mzazi akimpiga mtoto hayo ni malezi.

Sasa wakaja wazungu na meli zao. Mwaka 1784 meli ya Waingereza iliyoitwa Lady Hughes ilipiga mizinga ya salamu karibu na Guangzhou ikaua Wachina wawili, maofisa wakamtaka aliyefyatua, Waingereza wakagoma, biashara ikafungwa, mwisho wakamkabidhi na akanyongwa. Waingereza hawakuisahau. Walipoishinda China kwenye vita ya afyuni mwaka 1842, mkataba uliofuata mwaka 1843 uliwapa kitu walichokuwa wanakitamani siku zote: Mwingereza akikosea ndani ya China anahukumiwa na konseli wake, yaani mwakilishi wa nchi yake pale, kwa sheria za kwao. Wamarekani wakapata chao 1844 na wengine wakajipanga nyuma. Shanghai ikafika mahali ina mahakama ya Waingereza tangu 1865, ina mahakama ya Wamarekani tangu 1906, na ina mahakama ya mchanganyiko ambako ofisa wa Kichina anasikiliza kesi huku mgeni kakaa pembeni yake. (Zanzibar nayo iliyaonja haya, makonseli wa Ulaya na Marekani waliwahukumu watu wao wenyewe mjini huku sultani yupo anaangalia.)

Hii kitu iliwauma Wachina kuliko hata fidia za vita. Ndipo mwaka 1902 Uingereza ikaweka ahadi kwenye mkataba kwamba siku China ikirekebisha sheria zake vya kutosha, mahakama zetu tutaziondoa. Na Wachina walikuwa wameshaona kwamba inawezekana kweli, maana Japan iliandika sheria mpya kwa kufuata Ulaya, hasa Ujerumani, na mwaka 1899 wageni wakapoteza upendeleo wao kule. Kwa hiyo mwanzo kabisa wa sheria za kisasa za China haukutokana na mwananchi kudai haki yake, ulitokana na aibu ya taifa. Walitaka wageni waondoke.

Kazi walipewa watu wawili ambao ukiwaweka pamoja unacheka. Shen Jiaben alikuwa mzee wa ofisi, miongo kadhaa ndani ya Wizara ya Adhabu, anakijua kitabu cha zamani kifungu kwa kifungu. Wu Tingfang alizaliwa Singapore, akasomea uwakili London, na mwaka 1877 akawa Mchina wa kwanza kukubaliwa kuwa wakili wa mahakama za Uingereza, baadaye akawa balozi Marekani. Mwaka 1905 wakafanikiwa kufuta ile adhabu ya kumkata mtu vipande vipande mpaka afe, na ile ya kuwaadhibu ndugu kwa kosa la mmoja. Wakaleta wataalamu wa Kijapani, akiwemo Okada Asataro, kusaidia kuandika sheria mpya ya jinai, rasimu ikatoka 1907.

Moto ukawaka. Wazee wa mila, Zhang Zhidong akiwa mmojawapo, waliisoma rasimu wakaona dunia inaisha. Maswali mawili ndo yaliyochemka kuliko yote. Mwanamke asiyeolewa akilala na mwanaume kwa hiari yake, ni kosa la jinai au ni aibu ya nyumbani tu? Na mtoto akishambuliwa na mzazi wake mwenyewe, anaruhusiwa kujitetea? Ukiangalia vizuri haya maswali yalikuwa yanauliza kitu kimoja, kwamba sheria inamwona mtu kama mtu au inamwona kama mtoto wa fulani, mke wa fulani. Sheria ikatoka mwanzoni mwa 1911 na viraka vitano nyuma yake vya kuwatuliza wazee, na kabla mwaka haujaisha mapinduzi yakaukumba utawala wenyewe. Rasimu ya sheria ya madai ikabaki karatasi. Shen akafariki 1913.

Kipindi cha Jamhuri nakipitia haraka. Chama cha Kuomintang kilipokaa Nanjing kiliikamilisha ile kazi, kikaandika sheria ya madai kati ya 1929 na 1930, ya jinai 1928 kisha 1935, na kifurushi kizima kikajulikana kama Sheria Sita. Zilikuwa sheria nzuri tu kwa wakati wake, binti akapewa haki ya kurithi sawa na kaka yake, ila kwenye vijiji vingi hazikufika, kulikuwa na vita, kulikuwa na wababe wa kivita, kulikuwa na Wajapani. Uingereza na Marekani waliacha mahakama zao rasmi mwaka 1943, miaka mia moja kamili baada ya mkataba wa kwanza. Miaka sita baadaye Kuomintang wakakimbilia Taiwan na sheria zao kwenye mizigo, na mpaka leo sheria ya madai ya Taiwan ni ileile, imerekebishwarekebishwa tu.

Huku milimani kaskazini magharibi Wakomunisti walikuwa na mtindo wao, na huu inabidi tukae nao kidogo kwa sababu bado unaishi. Mwaka 1943, wilaya ya Huachi, jimbo la Gansu, kulikuwa na binti anaitwa Feng Peng'er, alichumbiwa tangu mdogo kwa kijana wa ukoo wa Zhang. Baba yake akaona mahari imepanda sokoni akavunja uchumba ili amwoze kwa tajiri. Baba wa kijana naye akakusanya ndugu zake usiku wakaenda kumbeba binti kwa nguvu wakafunga ndoa. Hakimu wa wilaya akafuta ndoa na kumfunga baba wa kijana, ila hakuna aliyeridhika, na binti mwenyewe alikuwa anampenda kijana. Akatembea kwa miguu kwenda kumlalamikia Ma Xiwu, ofisa na jaji wa eneo lile. Ma akaja mwenyewe kijijini, akauliza majirani, akamuuliza binti, akaitisha kikao cha wazi mbele ya watu wote, akaamua kwamba vijana waachwe na ndoa yao kwa kuwa wamependana, waliombeba usiku wakaadhibiwa kwa fujo, na baba aliyeuza binti mara ya pili naye akaadhibiwa. Kijiji kikafurahi. Chama kikautangaza mtindo wa Ma kuwa mfano wa kuigwa, jaji anaifuata kesi shambani, anapatanisha kwanza, anahukumu baadaye, makaratasi hayana kipaumbele.

Ni stori tamu na mimi mwenyewe naipenda, lakini iangalie na upande wa pili. Jaji pale ni ofisa wa serikali, ni mtu wa chama, ni mpelelezi na ni mpatanishi, vyote kwa pamoja. Ukimpata Ma Xiwu umepona. Ukimpata mwingine je?

Februari 1949, hata kabla ya kuitangaza jamhuri, chama kikatoa agizo la kufuta Sheria Sita zote. Zikafutwa bila kuwepo za kuziba pengo. Sheria ya ndoa ya mwaka 1950 ilikuja mapema, ikapiga marufuku ndoa za utotoni na masuria na ikafungua mlango wa talaka, na wanawake kwa maelfu wakaupita huo mlango. Mwaka 1952 mahakama zikasafishwa, majaji waliorithiwa kutoka utawala wa zamani wakaondolewa, wakawekwa makada na wanajeshi. Katiba ikaja 1954 yenye harufu ya Kisovieti, ikaandika kwamba mahakama zinahukumu kwa kujitegemea, zikifuata sheria tu. Mwaka 1957 wale walioichukulia sentensi hiyo kwa uzito wakabandikwa jina la wapinzani wa mrengo wa kulia, wengi wakaishia makambini. Wizara ya Sheria ikafutwa 1959. Uwakili ukafa.

Halafu Mapinduzi ya Utamaduni, 1966, Mao Zedong, mwenyekiti wa chama, alipowachochea vijana wawashambulie wakubwa wa nchi. Polisi, waendesha mashtaka na mahakama, vyote vikatangazwa ni vya kuvunjwavunjwa, na katiba ya mwaka 1975 ikaiondoa kabisa ofisi ya waendesha mashtaka kwenye vitabu. Liu Shaoqi, rais wa nchi kwa mujibu wa katiba, alizomewa na kupigwa na vijana ndani ya makazi ya viongozi Beijing, inasimuliwa kwamba aliinua nakala ya katiba akawaambia yeye ni rais na katiba inamlinda. Alikufa kizuizini mjini Kaifeng Novemba 1969. Huyu ni mtu aliyekuwa wa pili kwa ukubwa nchini, na miaka ya 50 alikuwa kwenye safu ya mbele kabisa ya waliosukuma sera hizohizo zilizowasaga wengine.

Ndo maana Deng Xiaoping na wenzake waliporudi madarakani Desemba 1978 walikuwa na hamu ya sheria. Wengi wao walikuwa wameadhibiwa bila sheria. Peng Zhen, aliyepewa kusimamia uandishi wa zile saba za 1979, alikuwa meya wa Beijing aliyeangushwa 1966 na kukaa jela miaka. Aliongoza tume ile kuanzia Februari, Julai sheria ziko tayari. Miezi michache! Zile rasimu za jinai zilizokuwa zimelala makabatini tangu miaka ya 50 na 60 ndo zilizowaokoa. Na ile ya ubia na wageni ilikimbizwa kwa sababu hakuna Mjapani wala Mmarekani atakayejenga kiwanda mahali ambapo hajui akidhulumiwa anaenda kwa nani. Ni mgeni tena, kama 1902, ila safari hii walitaka aje.

Mwishoni mwa 1980 wakaja na kesi ya kuonyesha dunia kwamba mambo yamebadilika, ya Jiang Qing, mjane wa Mao, na wenzake. Wakaundiwa mahakama maalumu, ikaonyeshwa kwenye televisheni, mawakili waliruhusiwa, Jiang akafoka mahakamani mpaka akatolewa nje, na Januari 1981 akapewa hukumu ya kifo iliyosimamishwa miaka miwili, baadaye ikawa maisha. Kila mtu alijua matokeo kabla, hilo halina ubishi. Lakini kulinganisha na kuburuzwa uwanjani na kutemewa mate, hata hii ilikuwa hatua.

Hatua hazikwenda mbele tu. Mwaka 1983 uhalifu ulipopanda, Deng akaanzisha kampeni ya kupiga kwa nguvu, muda wa kukata rufaa kwa baadhi ya kesi za kifo ukapunguzwa toka siku kumi hadi tatu, na mahakama za majimbo zikaachiwa kuidhinisha vifo ambavyo kisheria vilitakiwa kupita Mahakama ya Juu ya Watu. Watu walipigwa risasi kwa makosa ambayo mwaka mmoja kabla yasingefika huko, na kulikuwa na kosa linaloitwa uhuni ambalo unaweza kulitanua likamwingiza mtu yeyote. Halafu sheria ya 1979 ilikuwa na kifungu kinaruhusu kumhukumu mtu kwa kitu ambacho hakijaandikwa, mradi kinafanana na kilichoandikwa. Vyote viwili viliondoka kwenye marekebisho ya 1997, pamoja na kosa la "kupinga mapinduzi", ingawa hilo lilivua koti likavaa jingine la kuhatarisha usalama wa taifa.

Sasa tuje kwa raia kuokota zana. Mwaka 1988 mkulima wa wilaya ya Cangnan, jimbo la Zhejiang, Bao Zhengzhao, aliishitaki serikali ya wilaya kwa kuibomoa nyumba yake. Kumshitaki mkubwa! Kwa mila za miaka elfu mbili hiyo ilikuwa sawa na mtoto kumshitaki babake. Alishindwa kesi, lakini habari ilisambaa nchi nzima, na mwaka 1989 bunge likapitisha sheria ya kuishitaki serikali, ikaanza Oktoba 1990. Lengo la wakubwa lilikuwa kupata njia ya kuwabana maofisa wa chini ambao Beijing haiwaoni. Wananchi wakaitumia kutetea mashamba, leseni na nyumba zao. Kushinda ni ngumu, kwa sababu rahisi sana, mishahara na bajeti ya mahakama ya wilaya vilitoka kwa serikali ya wilaya hiyohiyo inayoshitakiwa, na jaji anajua watoto wake wanasoma wapi. Mara nyingi masjala ilikataa hata kupokea karatasi, mpaka Mei 2015 ulipoletwa utaratibu wa kuzilazimisha zisajili kesi kwanza, maswali baadaye.

Kuna mbili nyingine za kuzijua. Qi Yuling, binti wa Shandong, alifaulu kwenda chuo mwaka 1990, barua yake ikachukuliwa na mwenzake wa darasa ambaye akaenda kusoma na kufanya kazi benki kwa jina la Qi miaka na miaka. Qi alipogundua akashitaki, na Agosti 2001 Mahakama ya Juu ikajibu kwamba haki yake ya elimu iliyomo kwenye katiba imevunjwa na anastahili fidia. Wasomi wa sheria wakashangilia, wakasema sasa katiba inaweza kutumika mahakamani. Desemba 2008 mahakama hiyohiyo ikaliondoa lile jibu, kimya, sentensi moja. Mpaka leo katiba ya China huwezi kuipeleka mbele ya jaji ukamwambia sheria hii inaipinga, ifute. Kazi ya kuitafsiri katiba ni ya kamati ya kudumu ya bunge.

Ya pili ni Sun Zhigang, kijana mbunifu wa mitindo aliyekufa Machi 2003 Guangzhou baada ya kukamatwa mtaani kwa kukosa kibali cha ukaazi na kupigwa akiwa kizuizini. Magazeti yakaibeba, na vijana watatu wenye shahada ya udaktari wa sheria, Xu Zhiyong, Teng Biao na Yu Jiang, wakaiandikia kamati ya bunge kwamba kanuni ya kuwakamata wahamiaji wa ndani inapingana na katiba. Serikali haikuwajibu barua, ila Juni mwaka uleule ikaifuta kanuni. Ushindi mkubwa. Yaliyofuata ni kwamba Teng alikimbilia Marekani na Xu Aprili 2023 alihukumiwa miaka 14 kwa kutaka kupindua dola, kosa lake kubwa likiwa kukutanisha watu wenye mawazo kama yake. Na Julai 2015 mawakili na wasaidizi wao zaidi ya mia mbili wa aina hii waliitwa, wakahojiwa au kukamatwa ndani ya wiki chache.

Huo ndo mpaka ulipo. Katikati ya yote hayo upande wa biashara na maisha ya kawaida ulikuwa unakua kweli, siyo maigizo. Kuingia shirika la biashara duniani Desemba 2001 kulilazimisha maelfu ya sheria na kanuni kufutwa au kuandikwa upya. Majaji walikuwa wanavaa sare za kijeshi, wakavuliwa wakavalishwa majoho, na mwaka 2002 wakapewa nyundo za kugongea meza na ukaja mtihani mmoja wa taifa kwa jaji, mwendesha mashtaka na wakili. Mwaka 1998 profesa He Weifang alikuwa ameandika makala kulalamika kwamba wanajeshi wastaafu wanapewa kazi ya ujaji kama zawadi ya kustaafu, jeshi likakasirika, lakini mtihani ukaja. Mwaka 2017 wakawachuja majaji tena, kutoka laki mbili na ushee wakabaki kama laki moja na ishirini elfu. Mawakili waliokuwa mia chache tu mwishoni mwa miaka ya 70 leo wamepita laki sita.

Kwenye kifo pia kuna kilichobadilika. Nie Shubin, kijana wa Hebei, aliuawa na serikali mwaka 1995 kwa kubaka na kuua, mwaka 2005 mtu mwingine akajitokeza akasema aliyefanya ni mimi, mama yake Nie akazungushwa ofisi hadi ofisi miaka zaidi ya kumi, na Desemba 2016 Mahakama ya Juu ikatamka hakuwa na hatia. Kesi za namna hiyo, pamoja na ya She Xianglin wa Hubei aliyefungwa kwa kumuua mkewe na mke akarudi nyumbani mzima mwaka 2005, ndo zilisukuma Mahakama ya Juu ijirudishie kuidhinisha kila hukumu ya kifo kuanzia Januari 2007. Idadi ya wanaouawa kwa mwaka bado ni siri ya serikali.

Sheria ya madai iliyoshindikana 1911, ikajaribiwa tena miaka ya 50, ya 60 na kuanzia 1979, ilipita Mei 2020, vifungu 1,260, ikaanza Januari 2021. Ndani yake kuna mikataba, mali, ndoa, mirathi, hata faragha ya taarifa zako. Watu walichoongea zaidi mtandaoni ni kile kifungu cha wanandoa kusubiri siku 30 kabla talaka ya makubaliano haijakamilika, wanawake wengi hawakukipenda.

Na chama kiko wapi humu? Kila mahali. Kila ngazi ina kamati ya chama ya siasa na sheria inayowakalia pamoja polisi, waendesha mashtaka na mahakama. Kesi nzito inaweza kuamuliwa na kamati ya ndani ya mahakama ambayo wajumbe wake hawakumsikiliza shahidi hata mmoja. Mwaka 2017 rais wa Mahakama ya Juu, Zhou Qiang, alisema waziwazi kwamba uhuru wa mahakama wa Kimagharibi ni wazo la kupigwa vita. Kamati za usimamizi za mwaka 2018, zinazochunguza rushwa, zinaweza kumweka ofisa ndani kwa miezi akihojiwa bila wakili, na ukifikishwa mahakamani kwa jinai kutoka huru ni kama bahati nasibu, zaidi ya asilimia 99 wanatiwa hatiani. Kwa hiyo ukiniuliza mahakama za China zinafaa, nitakuuliza kesi yenyewe inahusu nini. Kadri inavyokuwa mbali na siasa ndo inavyozidi kuwa mahakama kama unazozijua. Deni, alama ya biashara, ajali ya gari, bidhaa mbovu ya mtandaoni (Hangzhou kuna mahakama ya intaneti tangu 2017, kesi inaanza na kuisha kwenye simu), hapo jaji yuko fasta na anajua kazi. Ikigusa cheo cha mtu, inageuka.

Kwa msomaji wa Kiswahili hili siyo la mbali. Mkataba wa mkopo wa reli ya SGR wa Kenya wa 2014 na benki ya Exim, uliowekwa wazi Novemba 2022, unafuata sheria za China na ugomvi wake unaenda kwa wasuluhishi wa CIETAC, tume ya China ya usuluhishi wa kibiashara, kule Beijing. Na wafanyabiashara wetu wa Guangzhou na Yiwu kila siku wanasaini proforma wasizozisoma. Yiwu kuna kamati ya upatanishi tangu 2013 ambayo wafanyabiashara wageni wenyewe wanakaa kama wapatanishi, Waafrika wakiwemo, na kwa ugomvi mdogo wa mzigo hapo ndo pa kuanzia. Kwa mzigo mkubwa angalia mkataba unasemaje kuhusu usuluhishi. Hukumu ya mahakama ya Dar au Nairobi ukiipeleka China wataanza kuuliza kuna mkataba gani kati ya nchi zetu, au sisi tunaheshimu hukumu zao. Tuzo ya usuluhishi, yaani uamuzi wa wasuluhishi, ina njia yake, China iliingia mkataba wa New York wa kutambua tuzo za nchi nyingine mwaka 1987, Tanzania ilikuwemo tangu 1964 na Kenya 1989, na mahakama ya kule inatakiwa kuikazia hukumu labda kuwe na kasoro kubwa. Hakikisha pia jina la kampuni kwenye mkataba ni la Kichina kama lilivyosajiliwa na muhuri wake mwekundu upo, maana lile jina la Kiingereza kwenye bizinesi kadi halimo kwenye daftari la msajili na huwezi kulishitaki.